Bakari Aliyeomba Darasa Moja

Nimekabidhi funguo za ofisi. Wamenipa khanga na beseni, na mtoto wa darasa la nne amenisomea risala ambayo niliisahihisha mimi mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Sasa niko nyumbani Nachingwea, naamka mapema kama zamani, navaa, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Walimu wenzangu vijana wameniomba niwaandikie kuhusu kazi. Wengine wanataka kujua nilipandaje hadi nikawa mwalimu mkuu. Hayo yamo kwenye jalada langu halmashauri, wakayasome huko, panya wakiwa wamebakiza kitu. Mimi nitawaandikia jambo ambalo chuoni hawakunifundisha, na nina hakika ninyi pia hawakuwafundisha: mkutano wa wazazi wa kuchagua kamati ya shule. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Utakaa pembeni na kalamu yako, watu watasimama mmoja mmoja kusema wakichaguliwa wataanza na nini, na wewe utadhani kazi yako ni kuandika tu.

Mimi ni mtoto wa Chunyu, kule Ruangwa. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Chinongwe. Nilifika juu ya lori lililokwenda kuchukua ufuta, nywele zimejaa vumbi, na sanduku langu limebonyea upande mmoja kwa sababu mtu mnene alilikalia kutoka Ruangwa mjini bila kuomba radhi. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Liganga, mzee mrefu, mkimya, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni. Alinitazama, akanipa kipande cha chaki kisichozidi kidole gumba, akasema, "Darasa la kwanza liko pale. Ukimaliza hicho, njoo."

Nilikuja kabla ya saa nne. Akanipa kingine kifupi zaidi.

Mwezi ule ule kulikuwa na uchaguzi wa kamati. Alinituma nikatafute mbaazi kavu kwa wazazi wa jirani. Nikauliza za nini. "Kura," akasema. Wazazi wengi hawakupenda kuandika, na kunyoosha mikono mbele ya majirani kulileta ugomvi uliodumu msimu mzima. Kwa hiyo wagombea walikaa kwenye benchi wakiwapa watu mgongo, nyuma ya kila mmoja ikawekwa ndoo iliyofunikwa kitambaa, na kila mzazi akapewa punje moja ya mbaazi aidumbukize anapotaka. Niliuliza kwa nini mbaazi na si karanga, maana karanga zilikuwa tele. Mwalimu Liganga alivuta pumzi ndefu. "Mwaka juzi tulitumia karanga," akasema. "Kura zililiwa."

Kabla watu hawajaanza kupita, nilimwona akimwaga mchanga laini ndani ya kila ndoo. Nikadhani ni uzito, ndoo zisipeperushwe na upepo. Baadaye akanieleza. Ndoo tupu inalia punje ikianguka. Mgombea aliyekaa mbele anasikia za mwenzake zikilia na yake ikinyamaza. "Mtu asikae pale akisikiliza anavyokataliwa," alisema. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kusahau mchanga.

Kitu cha pili alichonifundisha kilikuwa kwenda kwa miguu. Kila baada ya uchaguzi aliwatembelea wagombea nyumbani, hasa walioshindwa. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kila mkutano alisimama kudai choo cha wasichana, na watu walikwishamchoka, akisimama tu wanaguna. Tulipofika kwake tulimkuta binti yake wa darasa la sita amejikunja kwenye mkeka, siku ya shule, uso ameugeuzia ukutani. Mama alituletea viti. Kesho yake Mwalimu Liganga alikwenda mwenyewe kukata mianzi na kuzungushia tundu moja la choo nyuma ya darasa la saba, akaweka mlango wa gunia na mtungi wa maji. Binti alirudi. Nilijifunza hapo kwamba watu wanaposema shule ianze na nini, kila mmoja anasema pale anapoumia, hata kama anatumia maneno ya serikali.

Mwalimu Liganga alistaafu, akafariki kabla korosho za mwaka ule hazijaanguka. Nilihama, nikahama tena, na mwishowe nikapelekwa Kilimarondo kuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja, kwa sababu watu wake bado wapo na wana haki ya kusahau wanapotaka.

Wanaoijua Kilimarondo wanajua kwamba mashamba yake yamepakana na pori. Ukipanda mahindi hupandi peke yako. Nguruwe wana fungu lao, nyani wana fungu lao, na tembo wakishuka wanachukua lililobaki. Wazazi wengine waliishi vitongoji vya mbali kabisa, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa ng'ambo ya bonde lenye kichaka kikubwa cha mianzi. Watoto wa huko walilivuka bonde hilo kuja shule na kulivuka tena kurudi.

Wiki yangu ya kwanza nilisikia debe likipigwa kwa mbali, asubuhi, likikaribia. Nikadhani ni ngoma ya jando. Mara akatokea mwanamume mfupi, mwembamba, kofia ya kiua imekaa upande, anapiga debe kwa kijiti, na nyuma yake mstari wa watoto, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati. Alifika mpaka kwenye bendera, akawaachia waende, akaja kunisalimia.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi Bakari. Nawaleta hawa."

"Marahaba. Wote wako?"

Akacheka. "Mwalimu, mimi wangu ni mmoja tu, yule Mwajuma anayenyonya kidole. Hawa wengine wamenikuta njiani nakwenda zangu."

Hakuwa anakwenda zake popote. Alirudi nyumbani, akalima, na watoto walipotoka alikuwa amesimama pale pale na debe lake. Alifanya hivyo kila siku ya shule. Siku moja nilifuatana nao ili nione. Tulipokaribia mianzi alinyamazisha debe, akasimama, akasikiliza, akavuta hewa puani kama mpishi anayeonja mchuzi kwa mbali. Watoto wote wakanyamaza bila kuambiwa, hata Mwajuma akatoa kidole mdomoni. Kisha akaashiria kwa kichwa kwamba njia ni salama, tukapita upesi. Upande wa pili akaanza kupiga debe na kuimba upuuzi fulani kuhusu mbuzi aliyekwenda kuposa, na watoto wakacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyekuwa amezuia pumzi.

"Unasikiliza nini?" nilimuuliza.

"Mianzi ikivunjika kwa upepo inalia moja moja," alisema. "Ikivunjwa na mwenye tumbo, inalia kama mtu anakunja mkeka." Karibu na mianzi tembo hawakumtaja kwa jina.

Nilimwambia kuhusu shule shikizi, yaani darasa moja au mawili yanayofunguliwa kitongojini chini ya shule kubwa, wadogo wasomee karibu na kwao mpaka wapate miguu ya kutembea. Alikuwa hajapata kusikia. Alisimama katikati ya njia. "Mwalimu, kitu hicho kipo kweli? Si maneno ya redio?" Nikamwambia kipo, ila halmashauri haifungui mpaka kamati ya shule iombe, na kamati inaomba yale wajumbe wake waliyokubaliana kuyaweka mbele. Na uchaguzi wa kamati ulikuwa karibu, baada ya mavuno.

Hivyo ndivyo Bakari alivyogombea. Hakuwa mtu wa mikutano. Alikuja kwangu jioni kadhaa kufanya mazoezi ya kusema, amesimama mbele ya meza yangu kama mtoto anayesomeshwa kusoma kwa sauti. Niliona jasho kwenye midomo yake. Mtu ambaye nilimwona akitembea kuelekea mianzi bila kusita aliogopa kusimama mbele ya wazazi wenzake.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu utani, kwa sababu baadhi yenu mmetoka mikoa mingine na mnadhani ni matusi. Huku koo zimegawana utani tangu mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya watu, kukucheka, kukunyang'anya kofia, hata kwenye msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo wako. Unatakiwa kumjibu kwa utani, na kujibu vizuri, ndiyo heshima yenyewe. Ukoo wa Bakari ulikuwa na utani na ukoo wa Bi Somoe, mama muuza maandazi pale senta, katikati ya kijiji, mjane mwenye sauti ya kuita mtu aliye shambani. Wawili hawa wakikutana njiani watu waliacha kazi wakasogea kusikiliza.

Siku ya mkutano tulitumia darasa la tano. Wazazi wa senta walijaa. Wa ng'ambo ya bonde walikuja wachache, wengi wamebaki kulinda mihogo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mnene mwenye haraka ya chakula cha mchana, aliendesha.

Mgombea wa kwanza, fundi cherehani, alisimama, akarekebisha kola, akasema, "Kipaumbele changu ni maendeleo," akakaa. Alipigiwa makofi mengi. Andikeni hilo mahali.

Wa pili alikuwa mwenye duka. Yeye alitaka uzio. "Mbuzi wanaingia mpaka darasani," alisema. "Juzi nimemkuta mmoja darasa la pili, ametulia, anasikiliza kuliko wanenu." Watu walicheka, na ni kweli, mbuzi yule nilikuwa nimemfukuza mimi. Wa tatu, mama mmoja, alitaka darasa la saba walale shuleni kabla ya mtihani, wasome pamoja. Alisema vizuri, kwa sauti ndogo.

Kisha Bakari. Alivua kofia.

"Mimi naitwa Bakari. Baba yake Mwajuma wa darasa la kwanza. Kipaumbele changu ni kimoja tu. Watoto wa kwetu..."

"Watoto wa kwenu wamefanya nini, mtani?" Sauti ilitoka nyuma. Bi Somoe alikuwa amesimama juu ya dawati. "Wamekula debe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Bakari akatabasamu. Nilimwona akijaribu kushika uzi wa maneno yake.

"Ninaomba darasa moja, kule kwetu, ili wadogo..."

"Aa, kumbe! Jamani, mmesikia? Mtani wangu amechoka kutembea, sasa shule ndiyo imfuate kwake!" Akapiga makofi. "Na mwalimu akifika kwako atakula nini? Kwako hata panya wamehama, wamebeba na watoto mgongoni!"

"Panya walihamia kwako, mtani," Bakari akajibu. Hakuwa na njia. "Wamesikia maandazi yako ni magumu, wamekuja kunolea meno."

Watu waligonga madawati. Bi Somoe alicheka mpaka akajishika mbavu, akarudi tena: kwamba ukoo wa kina Bakari huzaliwa wakiwa wamekaa, kwamba mkewe ndiye anayetaka shule kitongojini ili apate wa kuongea naye mwenye akili. Bakari akajibu, na akajibu tena, na majibu yake yalikuwa mazuri, mtu ambaye kwangu alitetemeka sasa alikuwa amesimama wima, watu wanafuta machozi ya kicheko. Niliona furaha usoni mwake. Niliona pia, katikati ya furaha hiyo, macho yake yakinitafuta.

"Muda umekwisha," mwenyekiti alisema, akiangalia saa. "Umetuchekesha vya kutosha, Bakari. Kaa."

"Mwenyekiti, sijasema..."

"Umesema. Darasa kitongojini. Tumesikia. Kaa, bwana, watu wana njaa."

Wagombea wakakaa wametupa mgongo. Punje zikapita. Mchanga ulikuwepo kwenye ndoo, na kwa mara ya kwanza nilitamani usiwepo, nisikie chochote kutoka ndoo ya Bakari. Mwenye duka alishinda, fundi akashinda, yule mama akashinda. Ndoo ya Bakari nilipoimimina mezani, mbaazi zilikuwa chache, na mchanga ulikuwa mwingi.

Kamati mpya ilikaa, ikaanza na uzio. Nilileta suala la shule shikizi mbele yao. Walinisikiliza kwa adabu. Mwenye duka alisema, "Lile la Bakari? Lile la panya?" wakacheka kidogo, bila ubaya, wakasema litaingia mwaka utakaofuata. Sikuwa na kura, katibu hana. Nilimwendea Bakari nyumbani, kama nilivyofundishwa. Alinipa mihogo ya kuchoma, akaniambia nisihuzunike. "Mwakani nitasema kwanza kabla mtani hajaamka," alisema. "Nitaomba niwe wa kwanza." Mwajuma alikuwa amelala mapajani mwake.

Mvua zikaja. Mahindi yakazaa vizuri, na huku mahindi yakizaa vizuri watu hawalali kwa amani. Asubuhi moja sikusikia debe. Nilikuwa kibarazani, kengele ilikwishagongwa. Nikaona watoto wa ng'ambo wakija, wametota kwa umande, katika mstari, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati. Walikuwa wanatembea upesi mno, hawakimbii. Mbele yao alikuwa binti wa darasa la saba, amemshika Mwajuma mkono.

Walikuja mpaka kwenye bendera, wakasimama hapo hapo, kama walivyozoea kuachiwa.

"Bakari yuko wapi?" niliuliza.

"Ametuambia tutembee," yule binti alisema. "Amesema tusikimbie na tusigeuke."

"Mkageuka?"

"Hatujageuka, Madam." Akamvuta Mwajuma karibu naye. "Debe lilikuwa linalia nyuma yetu. Halafu likaacha."

Hayo mengine wanaume waliokwenda na mikuki na moto waliyaona, sikuyaona mimi, na sitayaandika. Debe alilipiga akiwa anaelekea upande mwingine, mbali na watoto. Hilo walilisoma kwenye tope.

Alizikwa siku hiyo hiyo, jioni. Wanawake tulikaa uani kwa mkewe, Mwanahawa, ambaye alikuwa ametulia kwa namna ya kuogopesha, akiuliza kila anayeingia kama amekula. Wanaume walirudi kutoka makaburini, wakakaa kwenye mikeka. Hapo ndipo watani wanapofanya kazi yao. Kila mtu aliyekulia huku anajua: mtani huja kumwigiza marehemu, kutembea kama yeye, kusema kama yeye, kudai alichodaiwa, mpaka wafiwa wacheke angalau mara moja na kifua kifunguke.

Bi Somoe alitokea nyuma ya nyumba. Amevaa shati la Bakari, kofia imekaa upande, debe mkononi. Debe lenyewe lilikuwa jingine. Akazunguka uwanja kwa miguu ile mifupi ya Bakari, kidevu juu, na nyuma yake, bila kuambiwa, watoto wa kitongoji wakajipanga mstari. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akacheka. Akafika kwenye kona, akasimama, akavuta hewa puani, na tukamwona Bakari mzima mzima, na Mwanahawa akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kicheko.

Kisha Bi Somoe akaweka debe chini, akavua kofia, akawageukia watu.

"Mimi naitwa Bakari," alisema. "Baba yake Mwajuma wa darasa la kwanza. Kipaumbele changu ni kimoja tu. Watoto wa kwetu..."

Akanyamaza. Palikuwa ni mahali pale alipokuwa amemkatiza. Watu walingoja utani. Mimi pia nilingoja. Hapakuwa na mtani mwingine wa kumjibu, yeye ndiye aliyekuwa mtani.

"Watoto wa kwetu ni wadogo," akaendelea, "na mianzi ni mirefu. Naomba darasa moja kule kwetu. Miti tutakata wenyewe. Nyasi tutakata wenyewe. Udongo upo. Naomba mwalimu mmoja tu, hata akiwa mkali. Wakifika darasa la nne watakuwa na miguu, watakuja wenyewe. Mimi sijachoka kutembea. Ila kuna siku sitasikia vizuri."

Maneno yale alikuwa ameyasikia wapi? Niliyajua yote. Ndiyo aliyokuwa akiyafanyia mazoezi mbele ya meza yangu. Baadaye alinieleza kwamba Bakari aliyasema njiani pia, peke yake, akirudi jioni kutoka kwangu, akipita mbele ya jiko lake la maandazi, na yeye alimsikia.

Alipomaliza alibaki amesimama, kofia mikononi, kama mgombea anayesubiri kuambiwa akae. Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliinamisha uso kwenye mikono yake, na hakuna aliyeangalia saa. Mwishowe Mwanahawa alinyanyuka kwenye mkeka, akamwendea, akaanza kumfungua vifungo vya lile shati, kimoja kimoja, kama anayemvua mtoto.

"Basi, mtani," alimwambia. "Basi. Amesikika."

Siku chache baadaye Bi Somoe alikuja ofisini kwangu, hakukaa. "Mwalimu, nataka ujue," alisema. "Kura yangu nilimpa yeye. Punje yangu iko kwenye ndoo yake. Alikuwa anatetemeka pale mbele, nikasema nimchangamshe, mtani wangu asiaibike." Akatazama dirishani. "Alinijibu vizuri, au siyo? Lile la maandazi?"

"Alijibu vizuri sana," nilimwambia, na hapo ndipo alipolia.

Kamati iliomba. Halmashauri ikakubali. Kiangazi kile wazazi wa senta walivuka bonde na majembe yao, mwenye duka akiwa mbele, uzio umesimama nusu mpaka leo. Walifyatua tofali, wakakata miti, wakaezeka nyasi. Bi Somoe aliwapikia maandazi kila siku na hakuna aliyethubutu kusema ni magumu.

Ningependa kuwaandikia kwamba Mwajuma alikaa dawati la kwanza. Haikuwa hivyo. Mwanahawa alipomaliza eda, ndugu zake walikuja kumchukua, wakamhamishia kwao upande wa Ruangwa pamoja na Mwajuma. Waliondoka kabla darasa halijapata paa. Nilimwandikia mwalimu mkuu wa huko barua ya uhamisho wa mtoto, na sikupata jibu. Nimeuliza kwa watu wa Chunyu, nimeuliza hata sokoni. Mtoto ambaye baba yake alimwombea darasa, sijui kama anasoma au alikatishwa, na sasa angekuwa msichana mkubwa. Haya ndiyo mambo ya kazini ambayo hayana pa kuyakabidhi pamoja na funguo.

Ninyi mnaoanza, fanyeni uchaguzi wenu mnavyotaka. Siku hizi wengine mnataka kutumia simu, haya, tumieni. Lakini wagombea wakimaliza kusema, nendeni makwao. Na ikitokea mmoja hakumaliza kusema, kwa kicheko au kwa njaa ya mwenyekiti, nendeni kwake kwanza.

Kabla ya kustaafu nilikwenda kuiaga ile shule shikizi. Sasa ina madarasa mawili na bati. Mwalimu wake ni kijana aliyetoka Dar es Salaam, amevaa viatu vya raba vyeupe ambavyo vumbi la Kilimarondo limekwisha kuvishinda. Tulisimama mlangoni, kengele imekwisha kugongwa, darasa lina watoto nusu tu.

"Madam, hawa madogo wananizingua," alisema. "Mtu nyumba yake ile pale, unaiona, moshi wa jikoni kwao unaingia hadi darasani. Lakini kila siku wanachelewa. Kila siku! Nimeongea mpaka nimechoka. Kesho naanza na fimbo."

Nilitazama njia. Walikuwa wanakuja kidogo kidogo, mmoja hapa, wawili kule, kila mmoja kivyake. Mmoja alikuwa ameketi chini anafunga kiatu, hana haraka. Wengine walikuwa wanagombania kiazi. Kasichana kadogo kalikaribia kabisa mlangoni, kakakumbuka kitu, kakageuka na kurudi nyumbani polepole kukichukua.

"Usiwapige," nilimwambia. "Nakuomba, mwanangu. Waache wachelewe."